Bajeti ya laki tisa, safari ya milioni moja na ushei

Mwanzoni mwa Oktoba 2025 muuguzi mmoja wa hospitali ya binafsi hapa Nairobi alifungua taarifa ya kadi yake ya mkopo akakuta deni la shilingi 142,610. Alikuwa ametoka Roma na Paris pamoja na dada yake mkubwa na mama yao. Safari walikuwa wameipangia laki tisa, na laki tisa zote zilikuwa zimekusanywa kabla hawajapanda ndege. Kila mmoja alikuwa na maelezo yake. Dada mkubwa, mwenye duka la vitambaa, alisema ni chakula cha mikahawani na teksi za mama. Mdogo alisema ni zawadi za dada. Mama hakusema kitu, na mimi naona kunyamaza kwake ndiko kulikokuwa kubaya kuliko yote, maana alikuwa ameshakubali moyoni kwamba magoti yake ndiyo yaliyowatia wanawe deni.

Waliniletea hesabu kwa sababu mdogo yumo katika chama chetu cha uwekezaji, na kazi yangu humo ni kukagua vitabu. Kulikuwa na daftari dogo la mama, mfuko wa risiti, taarifa za benki za mabinti wote wawili, na karatasi ya bajeti iliyochapwa Januari. Wameniruhusu kuandika kisa hiki bila majina. Nakiandika kwa sababu naona familia nyingi za mji huu zikipanga safari ya Ulaya kwa njia ile ile na kurudi na ugomvi ule ule, huku kosa likiwa kwingine kabisa.

Nitasema mapema nilichokiona. Ubadhirifu haukuwapo katika safari hii. Kilichowaponza ni karatasi yao: bajeti iliandikwa kwa shilingi ilhali nusu ya malipo na zaidi yangekuwa ya euro, ikajumlishwa kuwa namba moja kubwa, na hakuna aliyeandika ni nini kitalipwa mwezi gani.

Tuanze na karatasi hiyo. Ilitungwa Donholm, nyumbani kwa dada, Januari 2025. Mwaka huo ulikuwa wa Jubilei ya Kanisa Katoliki, iliyofunguliwa tarehe 24 Desemba 2024, na mama, mwenye miaka 67, alitaka kupita katika Mlango Mtakatifu wa Kanisa Kuu la Mtakatifu Petro, ule unaofunguliwa mwaka wa Jubilei. Mdogo aliongeza Paris, kwa kuwa Notre-Dame ilikuwa imefunguliwa upya Desemba 2024 baada ya moto wa 2019. Wakakubaliana usiku saba Roma, usiku minne Paris, siku kumi na mbili kwa jumla, mwezi wa Septemba. Kila binti angetoa laki nne: laki mbili zilizokuwa tayari kwenye akaunti ya likizo ya Sacco, na nyingine mbili kidogo kidogo, 25,000 kila mwezi hadi Agosti. Mama angetoa laki moja kutoka chama chake cha akina mama, ambacho yeye mwenyewe ni mweka hazina.

Makadirio yao hayakuwa ya ovyo, na hilo nataka lieleweke. Tiketi tatu za kupitia Addis Ababa walizikadiria shilingi 315,000. Viza 36,180, yaani euro 90 kwa kila mtu, ada ambayo Umoja wa Ulaya uliipandisha kutoka euro 80 mnamo Juni 2024. Bima ya safari 12,000. Malazi euro 1,400. Ndege ya kutoka Roma hadi Paris euro 120 kwa wote watatu. Chakula na usafiri wa mjini euro 45 kwa kila mtu kwa siku, jumla euro 1,620. Viingilio vya makumbusho euro 200. Zawadi shilingi 30,000. Dharura shilingi 50,000. Euro zote wakazigeuza kuwa shilingi kwa 134, ambacho kilikuwa kiwango cha Januari. Jumla ikawa 890,740, wakaikuza hadi laki tisa ili iwe rahisi kuikumbuka.

Hapo ndipo euro zilipotoweka machoni. Kuanzia siku ile hakuna aliyesema tena "tunahitaji euro 3,340". Walisema "tunahitaji laki tisa".

Sasa fikiria mtu wa Nairobi anavyofuatilia bei ya fedha za kigeni. Anaangalia dola. Mwaka 2025 wote dola ilisimama karibu na shilingi 129, Januari hadi Septemba, kiasi kwamba watu waliacha kuiulizia. Dada aliniambia kwa uhakika kabisa, "Lakini shilingi haikuyumba mwaka huu." Ni kweli, haikuyumba mbele ya dola. Ila euro yenyewe ilipanda mbele ya dola, kutoka dola 1.03 hivi mwezi wa Januari hadi karibu 1.17 mwezi wa Septemba. Shilingi ikiwa imeshikamana na dola, ilishuka nayo mbele ya euro, na euro iliyokuwa 134 walipopanga ikawa 151 walipolipa. Kupanda huko hakukusikika katika habari za saa moja kwa sababu habari husoma dola kwanza.

Juu ya 151 benki iliweka chake. Ukilipa euro kwa kadi ya akaunti ya shilingi, benki hubadilisha kwa kiwango chake pamoja na asilimia fulani, na asilimia hiyo hutofautiana, kwa hiyo ni swali la kuuliza kaunta kabla ya kusafiri. Nilipogawanya shilingi zilizotoka kwa euro zilizolipwa, nilipata wastani wa 155. Mara chache dada aliongeza hasara bila kujua: mashine ya kadi mkahawani ilimuuliza alipie kwa shilingi au kwa euro, naye akachagua shilingi kwa kuwa ndizo anazozifahamu. Ukichagua hivyo, ubadilishaji unafanywa na mwenye mashine kwa kiwango anachokitaka yeye, na karibu kila mara ni kibaya kuliko cha benki yako. Mashine ikiuliza, chagua sarafu ya nchi uliyomo. Mashine za kutolea pesa nazo huuliza vivyo hivyo.

Kwa hiyo euro 3,340 zile zile, bila kuongeza hata kikombe cha kahawa, zilikula shilingi 70,140 zaidi ya zilivyopangiwa. Kati ya hizo, 56,780 ni za soko na 13,360 ni za benki na mashine. Hili ndilo pengo kubwa kuliko yote katika kisa hiki, na katika ugomvi wao halikutajwa hata mara moja.

Pengo la pili ni la vitu ambavyo vina bei inayojulikana na ambavyo havikuwa kwenye karatasi. Roma hutoza wageni kodi ya mji kwa kila mtu kwa kila usiku. Kwa hoteli ya nyota tatu mwaka 2025 ilikuwa euro 6, na hulipwa hotelini. Watu watatu kwa usiku saba ni euro 126, na aghalabu bei unayoiona ukitafuta chumba mtandaoni haijaiweka ndani. Paris nako kuna kodi ya namna hiyo. Risiti yao ilionyesha euro 64. Ndege ya bei nafuu kutoka Roma ilitua Beauvais, uwanja ulio zaidi ya kilomita 75 kutoka Paris, na basi la kuwafikisha mjini likawagharimu euro 54. Nauli ile ilikuwa ya mtu na begi la mkononi tu, kwa hiyo masanduku mawili yakalipiwa euro 70 zaidi. Tiketi ya euro 40 kwa mtu ikaishia kuwa zaidi ya 80. Kwa nauli hiyo, kama wangetafuta mapema, huenda wangepata ndege ya kutua Orly au Charles de Gaulle, viwanja vilivyo karibu zaidi na Paris, ambako treni inakungoja.

Hapa Nairobi pia kulikuwa na vitu vya namna hiyo. Euro 90 za viza ni ada ya ubalozi peke yake. Kituo kinachopokea maombi kina ada yake ya huduma, halafu picha, nakala, na nauli za kwenda na kurudi. Viza iliyokadiriwa 36,180 ikawa 54,000. Bima ya viza ya Schengen, yaani viza moja inayotumika katika nchi nyingi za Ulaya, lazima igharamie matibabu ya angalau euro 30,000, na kwa mtu aliyepita miaka 65 kampuni nyingi huongeza bei; ile ya mama peke yake ilikaribia za mabinti wawili kwa pamoja, na jumla ikafika 17,500. Tiketi za ndege walizinunua baada ya viza kutoka, zikiwa zimepanda hadi 342,000.

Juu ya tiketi nina maoni tofauti na ya dada. Yeye anaona walichelewa. Mimi naona walifanya sawasawa. Ada ya viza hairudishwi ukikataliwa, na hilo huna jinsi ya kulikwepa. Kuhatarisha pamoja nayo tiketi tatu zisizorudishwa ni kuweka laki tatu mikononi mwa afisa usiyemjua. Shilingi 27,000 walizoongeza ndiyo bei ya kungoja jibu. Kosa lilikuwa kutoiandika bei hiyo kwenye karatasi tangu Januari.

Sasa jumlisha nyongeza za viza, bima na tiketi: 17,820 na 5,500 na 27,000. Unapata 50,320. Fungu la dharura lilikuwa 50,000. Maana yake walipofika uwanja wa Jomo Kenyatta na masanduku yao, pesa ya dharura ilikuwa imekwisha yote, na hakuna hata mmoja aliyejua, kwa sababu ilikaa kwenye chungu kimoja na pesa nyingine zote. Mama mwenye miaka 67 alikwenda Ulaya bila akiba ya ugonjwa zaidi ya bima. Hilo ndilo lililonitia hofu kuliko deni.

Daftari la mama

Mama aliandika matumizi kama anavyoandika vitabu vya chama chake: tarehe, kitu, nani ametoa, kiasi gani. Katika nyaraka zote nilizopewa, hakuna iliyokuwa safi kuliko daftari lile. Lakini mama aliandika kile alichokiona, na alichokiona ni pesa taslimu. Mdogo alipogusisha kadi kwenye mashine ya basi la Roma, euro 1.50 kila mtu kila safari, hakuna noti iliyobadilisha mkono. Tiketi za metro ya Paris nazo zilinunuliwa kwa kadi, euro 2.50 kila moja. Kahawa, dawa ya maumivu, maji ya chupa. Nilipolinganisha daftari na taarifa za benki, fungu la chakula na usafiri lilikuwa na euro 1,310 daftarini na euro 1,700 kwa ukweli. Euro 390 zilipita pembeni ya daftari.

Wakati huo huo daftari lilibeba visivyo vyake. Siku ya kwanza mama aliandika euro 126 za kodi ya mji, kwa sababu zililipwa kwa noti mbele yake, akaziweka pamoja na mkate na matunda. Viingilio vya Koloseo, euro 54 kwa watatu, navyo viliingia humo humo. Kwa mpango wao walikuwa na euro 135 kwa siku kwa watu watatu, kwa hiyo hadi jioni ya siku ya tatu walistahili kuwa wametumia 405. Alasiri ya siku hiyo daftari lilisoma 448.

Jioni ile mama alisema hana njaa. Binti zake walikula, yeye akanywa maji. Mdogo alinisimulia hili kama jambo dogo, dalili ya uchovu wa safari. Nilimwomba tuifanye hesabu ya siku hiyo pamoja. Toa kodi 126, ambayo ni ya malazi. Toa Koloseo 54, ambayo ni ya viingilio. Inabaki 268. Ongeza euro 61 za kadi ambazo hazikuandikwa. Matumizi halisi ya chakula na usafiri kwa siku tatu yalikuwa euro 329, na zilikuwa zimebaki euro 76. Chakula cha jioni cha watu watatu katika mtaa wa kawaida wa Roma kilikuwa ndani ya bajeti. Mama alikosa kula kwa sababu safu mbili zilichanganywa. Mdogo aliiangalia ile namba kwa muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe Mama alikuwa anatuhurumia sisi."

Ninalieleza hili kwa urefu kwa sababu watu husema kuandika matumizi safarini ni kujinyima raha. Ukiandika vibaya, ndiyo, unajinyima, tena unajinyima mahali pasipo na tatizo. Ukiandika vizuri, daftari linakuruhusu kula.

Paris iliongeza mkorogano mwingine. Hoteli ilizuia euro 150 kwenye kadi ya benki ya mdogo kama amana, jambo ambalo hoteli nyingi hufanya. Ujumbe wa simu ulikuja kama wa malipo ya kawaida. Pesa hizo hazikuwa zimetumika. Zilifunguliwa siku kadhaa baada ya kurudi. Lakini mdogo aliona salio limeshuka, akaogopa, akaanza kulipia kila kitu kwa kadi ya mkopo. Kuanzia hapo matumizi yote ya familia yakawa kwa jina lake, na dada, ambaye bado alikuwa na noti mkobani, hakuona tena bei ya chochote.

Pesa zilikwenda wapi hasa

Jumla ya safari ilifika shilingi 1,042,610. Ukiacha dharura, mpango ulikuwa 840,740, kwa hiyo nyongeza yote ni 201,870. Kiwango cha euro pamoja na benki kilichukua 70,140. Vitu visivyoandikwa, yaani kodi za miji, masanduku, basi la Beauvais, ada za viza na nyongeza ya bima, vilichukua 71,990. Tiketi 27,000. Zawadi zilizidi kwa 16,000. Viingilio vilizidi kwa euro 28, ambazo ni shilingi 4,340.

Na chakula na teksi, vile walivyogombania? Euro 80 juu ya mpango, kwa siku kumi na mbili, watu watatu. Shilingi 12,400. Teksi zote za mama, kwenda Vatikani na kurudi na siku moja ya mvua Paris, zilikuwa euro 88, na karibu zote zilitoshea ndani ya fungu la siku kwa sababu mahali pengine walibana vizuri. Roma ina mabomba ya maji ya kunywa mitaani zaidi ya 2,000, na baada ya siku chache walijifunza kujaza chupa. Kahawa walikunywa wamesimama kaunta, ambako bei ni ndogo kuliko ukikaa mezani. Kifungua kinywa walinunua dukani. Kanisa la Mtakatifu Petro na Notre-Dame ni bure kuingia, na hayo ndiyo waliyoyafuata. Kwa familia iliyoshutumiana kwa ulafi, walikuwa na nidhamu ya kupendeza.

Nilimsomea mama namba ya teksi peke yake, kabla ya nyingine zote.

Zawadi ni jambo la haki, kwa hiyo nililitenga. Kati ya 16,000 zilizozidi, 11,000 zilikuwa za dada na 5,000 za mdogo. Nikapendekeza kila mmoja abebe zake, na 126,610 zinazobaki zigawanywe sawa: kiwango cha euro na kodi ya mji havikuwa uamuzi wa mtu. Dada alidaiwa 74,305 na mdogo 68,305. Mama alitaka kuchangia, na hapo mabinti wakawa na sauti moja kwa mara ya kwanza tangu wafungue taarifa ya benki: alitoa laki yake na imetosha. Dada alituma yake kwa M-PESA jioni ile, kabla riba ya mwezi haijaingia. Kuhusu zawadi niliongeza neno moja tu: Italia humrudishia mgeni asiyeishi Umoja wa Ulaya kodi ya bidhaa akinunua za zaidi ya euro 70 katika duka moja, na Ufaransa zaidi ya euro 100, fomu yake ikigongwa muhuri forodhani wakati wa kuondoka. Zao zilitawanyika katika maduka madogo mengi, hazikustahili popote.

Walipouliza karatasi ingeandikwaje, nilichukua ile ya Januari nikaichora upya. Kila gharama ikae katika sarafu itakayolipwa. Safu ya shilingi ina tiketi, bima na huduma za viza. Safu ya euro ina kila kinacholipwa kule, pamoja na kodi ya mji, na haigeuzwi kuwa shilingi mpaka siku ya kununua euro. Pembeni kuna mwezi wa malipo. Ukishaandika mwezi, unaona kwamba kati ya Januari na Mei hawakuwa na kitu cha kulipa, na shilingi zao zilikaa tu zikingoja euro ipande.

Benki kadhaa za hapa hufungua akaunti za euro. Kama wangenunua euro 420 kila mwezi kuanzia Januari, kufikia Agosti wangekuwa na 3,360, kwa wastani wa kiasi cha shilingi 144 badala ya 151. Hiyo ni akiba ya shilingi elfu ishirini na kitu, na wangelipa kule kwa euro zao wenyewe, kwa hiyo ile asilimia ya benki juu ya kila malipo ingepungua au kuisha. Faida nyingine ni ya viza. Ubalozi hutaka taarifa za benki zinazoonyesha uwezo. Ufaransa, kwa mfano, huhesabu euro 65 kwa siku kwa mtu mwenye hoteli. Ukinunua noti za euro na kuzificha kabatini, salio lako linashuka wakati unapotakiwa kulionyesha. Zikiwa katika akaunti ya euro, zinaonekana.

Malazi yana mpangilio wake pia. Kabla ya viza unahitaji chumba kinachoweza kufutwa bila gharama. Viza ikishatoka, kinachofuata ni kurudi kwenye malazi na kuuliza bei ya kulipa kabla, ambayo mara nyingi ni ndogo, na kuilipa kwa euro ulizonazo. Wao waliacha malazi yote yalipwe wakifika, kwa hiyo euro 1,400, fungu kubwa kuliko mengine yote ya euro isipokuwa chakula na usafiri, zikakutana na kiwango cha Septemba.

Dharura isikae na pesa nyingine. Iwe katika akaunti iliyofungwa, na iguswe tu baada ya ndege kupaa. Kama viza imezidi, ongeza mchango au punguza usiku mmoja, usichukue huko.

Kule safarini daftari la mama libaki, maana yeye ndiye mwandishi bora. Liongezewe safu mbili: ni fungu gani, na ni kadi ya nani. Kila jioni mabinti wafungue simu wamsomee ujumbe wa benki mmoja mmoja, na pesa iliyozuiwa iandikwe kama iliyozuiwa. Namba ya mwisho wa ukurasa iwe iliyobaki katika fungu la siku, si iliyotumika.

Dada, ambaye sasa anataka kwenda Lourdes, mji wa hija huko Ufaransa, mwaka 2027, aliniuliza kwa nini basi asinunue euro zote leo zikae. Nilimkumbusha mwanzo wa 2024. Dola ilifika karibu shilingi 160 mwezi wa Januari, watu wakakimbilia kununua fedha za kigeni, kisha serikali ikauza hati fungani mpya nje mwezi wa Februari na katika muda mfupi dola ikashuka hadi 130 na kitu. Euro ilishuka nayo, na aliyenunua zote Januari ile alipoteza kama walivyopoteza wao, kwa upande wa pili. Mimi sijui euro itakwenda wapi, wala ajenti wa tiketi hajui. Wameanza na euro 150 kila mwezi, wote wawili kwa pamoja, na mama amepewa nakala ya taarifa ya akaunti ili aikague.